Neno la Thelathini na Moja

Kazi ya Kiwelu kwenye geti la kitalu cha Kirongwe ilikuwa moja tu: kutafuta ndizi mbivu.

Hakuuliza vitambulisho wala silaha. Alifungua mikoba akaingiza pua, akafungua vyombo vya chakula akanusa, akawaambia wanawake wakung'ute khanga zao. Ndizi mbichi zilipita. Parachichi gumu lilipita. Lakini chochote kilichoiva, kuanzia embe hadi pasheni, kilibaki nje kwenye ndoo ya bluu, na mwenyewe akirudi jioni alikuta nusu yake, kwa sababu Kiwelu alikuwa mtu wa kula.

Watu wa Kirongwe walilifanyia utani jambo hilo kwa miaka. Kiwelu alikuwa Mchaga, mtani wao, na walisema kumweka Mchaga azuie ndizi ni sawa na kumpa fisi ufunguo wa bucha. Naye aliwajibu kwamba kama Wapare wangemweka Mpare mwenzao hapo getini, yeye na mwenye ndizi wangeshitakiana kabla ya saa nne, kesi ingekwenda rufaa, na ndizi zingeoza zikisubiri hukumu.

Ijumaa hiyo Naelijwa alifika mapema, ukungu ukiwa bado umelala juu ya matuta ya mboga. Alimwamkia Kiwelu akamfungulia mkoba kabla hajaambiwa. Kiwelu akachungulia: chapati mbili, chupa ya chai, daftari.

"Chapati hizi ni za jana," akasema.

Naelijwa akatazama chini.

"Nazijua. Jana ziliingia, jana zikatoka. Binti Mchome, chakula hakiendi kazini kutembea."

Naelijwa alicheka kidogo, kwa adabu, akapita. Alikuwa na miaka ishirini na sita na hakuwahi kupata jibu la utani kwa wakati wake. Majibu yalimjia nusu saa baadaye, akiwa peke yake, na akayacheka peke yake.

Ndani ya kitalu nyumba hewa ilikuwa ya uvuguvugu na ilinuka majani yaliyolowa. Kushoto na kulia minanasi-pambo ilisimama mezani safu kwa safu, kila mmoja kwenye chungu chake cheupe. Ni ndugu wa nanasi, mmea huu, lakini hauna tunda la kula. Majani yake yamepangana kama vidole vya mikono miwili inayokinga maji, na katikati, pale yanapokutana, maji hukaa kweli. Watu wa Kirongwe walipaita pale katikati ndiva, kwa jina la mabwawa yao ya pamoja yanayojaa usiku na kufunguliwa asubuhi. Mfinyanzi wa vyungu aliwahi kusema kwamba Mungu alianza kwa kuufanyia mazoezi mmea huu, kisha akawaumba Wapare.

Minanasi-pambo ya kawaida ni ya kijani. Ya Kirongwe ilikuwa na mistari, myeupe na ya waridi, iliyokimbia toka shinani hadi nchani bila kukatika. Mistari hiyo ilitokana na hitilafu ndogo iliyotokea ndani ya jani mara moja, kwa mmea mmoja, miaka thelathini iliyopita. Maabara zilijaribu kuukuza kutoka kwenye vipande vya jani, ikatoka kijani tupu. Mbegu zake nazo zikatoa kijani tupu. Njia pekee iliyobaki ilikuwa kukata machipukizi ya pembeni ya mmea ule ule wa kwanza, na mmea huo ulikuwa mwisho wa kitalu, kwenye meza yake peke yake, mpana kama ungo wa kupepetea. Waliuita Bibi.

Tatizo la Bibi lilikuwa tatizo la ukoo wake wote. Mnanasi-pambo huchanua mara moja tu maishani. Ukishachanua, mama huanza kufa, taratibu, mwaka mzima au zaidi, akiwaachia nafasi watoto walioota pembeni. Na tunda lolote linaloiva hutoa hewa isiyoonekana ambayo mnanasi ukiivuta, huchanua; ndiyo maana Kiwelu alikuwa na kazi. Bibi alitakiwa asichanue. Alitakiwa abaki hivyo hivyo, akitoa chipukizi baada ya chipukizi, kaya sitini zikila kutokana na mistari yake. Kwa hiyo kila Ijumaa, kwa miaka kumi na tisa, mtu alimchoma sindano ya dawa ya kuzuia ua. Miaka mitatu ya mwisho mtu huyo alikuwa Naelijwa.

Aliweka mkoba chini, akanawa mikono, akainama kusoma kisikizi.

Kisikizi kilikuwa kibati chembamba kilichofungwa kwenye ukingo wa chungu, chenye sindano mbili nyembamba kuliko kope zilizoingia kwenye kitako cha jani. Kilisoma mikondo midogo ya umeme inayopita ndani ya mmea, na kila mkondo uliokwisha kujulikana ulikuwa na neno lake. *Nina kiu. Jua limezidi. Nisogeze. Nimeridhika.* Maneno thelathini. Ndiyo yaliyowapa Kirongwe soko, kwa kuwa mmea mzuri watu wanaweza kuupata popote, lakini mmea unaokuambia una kiu ni jambo lingine. Waliununua watu waliokaa peke yao kwenye maghorofa ya Dar es Salaam na Nairobi na kwingine mbali, watu waliorudi nyumbani jioni na kupenda kuombwa kitu.

Kisikizi cha Bibi hakikuwa na neno. Kilikuwa na alama ya kuuliza, kama ilivyokuwa kwa wiki kumi zilizopita, na chini yake mstari wa mkondo uliopanda, ukatulia, ukapanda tena.

"Subiri kidogo," Naelijwa akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwambia mgonjwa. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akatafuta mahali pasipo na kovu. Palikuwa pagumu kupata. Akachoma.

Mstari ulishuka. Ulikaa chini siku mbili, kama kawaida. Siku ya tatu ulipanda tena, juu zaidi ya mwanzo.

*

Kazi yake rasmi ilikuwa mtafsiri. Ushirika wa Kirongwe ulimsomesha chuo cha kilimo miaka minne kwa ajili hiyo: kutazama mkondo mpya unapotokea, kuufanyia majaribio, na kuupa neno. Neno lilipigwa muhuri kwa vidole gumba viwili, cha mtafsiri na cha mwenyekiti, na saa hiyo hiyo likaenda kwenye kila chungu kilichouzwa, popote kilipokuwa.

Alikuwa ameshafanya jaribio lake, na hapo ndipo chapati zilipoanza kurudi nyumbani.

Mama yake alikuwa akivundika ndizi nyuma ya jiko, kwenye shimo, kwa majani makavu na udongo, kama wanawake wa Kirongwe walivyofanya tangu kabla ya mtu yeyote kujua habari za hewa isiyoonekana. Naelijwa aliomba mnanasi-pambo mmoja wa kijani, ule wa kutupwa, akaupeleka nyumbani na kisikizi cha akiba. Akauweka mdomoni mwa shimo, akaufunika pamoja na ndizi. Mama yake aliuliza kama siku hizi chuo kinafundisha kuvundika maua. Naelijwa akasema ndiyo, kidogo.

Siku ya tisa kisikizi kilionyesha alama ya kuuliza. Mstari ulipanda, ukatulia, ukapanda tena. Wiki ya saba, katikati ya ndiva ya mmea ule wa kutupwa, ulitokea ulimi mwekundu uliosimama wima, na kwenye ulimi huo maua madogo ya zambarau yakaanza kufunguka moja moja. Siku ua la kwanza lilipofunguka, mkondo ulikoma wenyewe, bila sindano.

Alikaa mbele ya shimo la ndizi hadi mama yake akamwita mara mbili. Bibi hakuwa amekaribiwa na ndizi yoyote. Hewa ile aliitengeneza mwenyewe, ndani ya majani yake, kwa sababu wakati wake ulikuwa umefika. Au ulikuwa umefika miaka kumi na tisa iliyopita, na umri tu ndio uliofanya sauti yake iizidi dawa.

*

Jumatatu alipeleka daftari kwa mwenyekiti.

Mama Eliakunda alikuwa na miaka sitini na kitu, mrefu, mwenye desturi ya kuvua miwani alipotaka kusikiliza. Yeye ndiye aliyeleta barabara ya lami hadi Kirongwe, na zahanati, na ndiye aliyesimama mkutanoni akasema binti wa Mchome asome, ingawa aliona haya hata kuitikia jina lake. Naelijwa hakuwahi kulisahau hilo hata siku moja. Alieleza jaribio lake akitazama kona ya meza.

Mwenyekiti alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema alama za kuuliza zimeanza kutokea kwenye vyungu vya wateja, vile vya machipukizi ya zamani. Kila mmea uliouzwa ulikuwa na kidonge cha dawa ile ile kwenye udongo wake, ili mistari idumu na ua lisije. Wateja walikuwa wakiandika. Walitaka neno.

"Liite *Nimeridhika*," akasema.

"*Nimeridhika* ni neno la nne, Mama. Lina mkondo wake."

"Maneno mawili yanaweza kubeba jambo moja. Sisi wenyewe tunasema sawa, tunasema haya."

"Lakini hajaridhika."

Mama Eliakunda akavua miwani. "Mwanangu, wewe unajuaje mmea unataka nini? Kutaka ni kwa watu. Ule ni umeme."

Mwenyekiti alidhani Naelijwa amekubali, akaanza kuvaa miwani yake.

"Kiu nayo ni umeme, Mama," akasema. "Na kiu tunaiuza."

Mwenyekiti hakukasirika. Alionekana kuchoka tu, ghafla. Akauliza Bibi akichanua machipukizi yake ya mwisho yatakuwaje, na Naelijwa akajibu ukweli, kwamba hajui. Mengine yanaweza kuwa na mistari. Yanaweza yote kuwa kijani. Mwenyekiti akataja nyumba, si zote sitini, nyumba kama nane, na watu waliomo ndani yake kwa majina, na kila mmoja anasubiri nini: huyu mguu wa bandia, huyu bati, huyu mtoto wa mwaka wa pili chuoni. Hakupandisha sauti.

"Jumamosi ni msaragambo, kijiji kizima tunazoa tope la ndiva," akamaliza. "Kabla ya hapo nataka kidole chako."

*

Ujumbe wa Mwalimu Mngumi ulifika Jumatano. Alikuwa mwalimu mstaafu, ghorofa ya ishirini na mbili, Dar es Salaam. Wateja wengine waliandika mstari mmoja wenye hasira. Yeye aliandika kama anayeandika barua.

*Mwanangu uliyeko kitaluni. Chungu changu siku ya kumi na moja sasa kinanionyesha alama ya kuuliza. Nimempa maji ya mvua. Nimemhamishia dirisha la mashariki. Nimezima feni. Nimemsomea gazeti, ingawa habari zenyewe si nzuri. Kama kuna kitu anataka na mimi sikijui, tafadhali niambie. Sipendi awe anaomba, na mimi nimekaa hapa nakula chakula changu.*

Naelijwa aliusoma akiwa amesimama kati ya meza mbili. Alijaribu kuandika jibu. Aliandika, *Asante kwa subira yako,* akafuta. Akaandika, *Mmea wako,* akafuta.

Ijumaa alipita getini, akanawa mikono, akavuta dawa kwenye bomba. Alimsogelea Bibi akatafuta mahali pasipo na kovu. Alitafuta kwa muda. Kisha akaliweka bomba mezani likiwa limejaa, akaketi sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza, akala chapati zote mbili.

*

Pembe ya msaragambo ilipigwa Jumamosi alfajiri, na watu wakapanda kwenye ndiva kubwa na majembe na ndoo. Kulikuwa na mashine ya kuzoa tope, ya miaka mingi, lakini Kirongwe walizoa tope la ndiva kwa mikono yao mara nne kwa mwaka, kwa sababu mashine haisengenyi na haiimbi. Na kulikuwa na kanuni. Mwenye jambo la watu wote analisema ukingoni mwa bwawa kabla maji hayajafunguliwa. Maji yakifunguliwa, midomo imefungwa. Jambo lisilosemwa linasubiri msaragambo mwingine. Na jambo lililosemwa likakosa jibu linakwenda nyumbani na mwenyekiti, alale nalo, aamue.

Walizoa tope kando ya maji hadi saa tatu. Naelijwa alikuwa na kisikizi mfukoni mwa koti. Alijiambia atasema tope likifika kwenye jiwe jeupe. Likafika. Akajiambia atasema wakipumzika. Wakapumzika, wakanywa uji, mtu akatoa tangazo la harusi, mwingine akalalamika kuhusu mbuzi. Mama Eliakunda alisimama kwenye mlango wa mbao wa bwawa, mkono juu ya komeo. Alimtazama Naelijwa. Hakumharakisha, wala hakumsaidia.

"Nani ana jambo?" akauliza mara ya mwisho.

"Mimi," Naelijwa akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba watu wa nyuma waliuliza nani.

Hakuweza kuwatazama. Kwa hiyo alikitazama kibati mkononi mwake na kukielezea hicho. Alisema kinavyofanya kazi, jambo ambalo wote walilijua, na mzee mmoja akanong'ona kwamba wasomi huanzia mbali. Alieleza shimo la ndizi la mama yake. Hapo watu wakaanza kusikiliza, maana shimo la ndizi kila mtu alikuwa nalo. Akasema Bibi anaomba kuchanua. Akasema ameombwa aweke neno lingine, bila kusema na nani. Akasema hawezi.

"Na jana sikumchoma," akamaliza. "Sindano moja haitoshi kumfanya achanue. Bado mnaweza kumpa mtu mwingine kazi. Lakini nilitaka mjue."

Sauti zikapanda pande zote. Fundi bomba Mfinanga aliuliza kama sasa wanatakiwa kufa njaa ili jani lifurahi. Mwanamke mmoja alisema Bibi amewalisha miaka yote hiyo, na hata ng'ombe mzee huachwa alale. Mwingine akasema ng'ombe mzee huliwa. Watu wakacheka, na kicheko kikakatika kabla hakijaisha. Mama yake Naelijwa alikuwa na tope hadi magotini. Alikuja tu akasimama karibu na binti yake, bega kwa bega.

Wakamtazama mwenyekiti.

Mama Eliakunda alitazama maji. Kisha akavuta komeo, mlango ukafunguka, na maji yakatoka kwa kishindo kwenda mashambani. Midomo ikafungwa. Jambo lilikuwa limekwenda nyumbani naye.

*

Jumapili kitaluni huwa hakuna mtu ila Kiwelu. Naelijwa alikwenda baada ya ibada kuchukua daftari na sweta lake, kwa sababu alidhani Jumatatu kazi haitakuwa yake tena. Alikuwa anafunga mkoba aliposikia sauti getini.

Mama Eliakunda alikuwa amesimama pale na nguo zake za kanisani, na mkononi alikuwa na chane la ndizi, njano tupu, zenye madoadoa meusi. Harufu yake ilifika hadi mlangoni.

"Mama Mwenyekiti," Kiwelu akasema. "Hizo zimeiva."

"Najua."

"Kanuni hii uliiandika wewe."

"Niliiandika mimi."

Kiwelu alimtazama, akazitazama ndizi, akamtazama Naelijwa mlangoni. Kisha akanyoosha mkono, akachuna ndizi moja, akaimenya bila haraka. "Hii ni ya ndoo," akasema. "Hizo nyingine sijaziona. Nina mafua." Akafungua geti.

Walitembea pamoja katikati ya safu za vyungu. Mbele ya Bibi, mwenyekiti aliweka ndizi mezani, akasoma kisikizi. Alama ya kuuliza. Akavuta kiti cha plastiki akaketi kwa uzito.

"Mama yangu alilazwa hospitali ya mkoa miezi mitatu," akasema. "Wewe ulikuwa mdogo. Mwishoni Kiswahili kilimtoka, akabaki na Kipare tu. Daktari alikuwa kijana mzuri, mtu wa mbali. Kila asubuhi aliniuliza, Bibi anasemaje? Nikamwambia, anasema anaendelea vizuri."

Naelijwa aliuweka mkoba chini.

"Alikuwa anasema nirudisheni nyumbani. Kila asubuhi. Na mimi nimesimama katikati yao, najua lugha zote mbili." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. "Nilikuwa na sababu zangu. Nilifikiri akibaki pale atapata wiki moja zaidi. Na aliipata. Wiki moja."

Nje, Kiwelu alikuwa akiimba kitu, vibaya.

"Wataniondoa kwenye kiti," akasema mwenyekiti. "Wana haki. Nitawaambia kila nyumba ichukue moja ya machipukizi ya mwisho ya Bibi, likuzwe nyumbani, kwenye maji ya nyumba hiyo. Labda mistari itatokea kwenye nyumba kumi. Labda hata moja isitokee. Hilo sitawadanganya." Akanyoosha kidole gumba. "Haya. Andika neno."

Naelijwa aliandika. Akakosea herufi, akarudia. *Nataka kuchanua.* Neno la thelathini na moja. Akaweka kidole chake. Mama Eliakunda akaweka chake. Kwenye chungu cha Bibi alama ya kuuliza ikafutika, maneno yale mawili yakatokea, na wakati huo huo yakatokea kwenye kila meza humo ndani ambako kisikizi cha mmea mkubwa kilikuwa kimeusikia mkondo ule ule, moja baada ya jingine, hadi mlangoni. Hawakutegemea kwamba yangekuwa mengi namna hiyo.

Walizipanga ndizi kuzunguka shina. Naelijwa alileta mfuko mkubwa wa nailoni, wakamfunika Bibi pamoja na ndizi zake, wakafunga chini kwa kamba, wawili hao, mmoja akishika na mwingine akikaza, kama wanavyofunga mzigo.

Kisha Naelijwa akamwandikia Mwalimu Mngumi. Alieleza dawa iliyokuwa kwenye udongo na akaomba radhi kwa hiyo. Akaeleza namna ya kuondoa kidonge. Akaeleza mfuko na ndizi, na ulimi mwekundu utakaotokea baada ya wiki saba au nane. Kisha akaandika kwamba mmea ukishachanua utakufa, taratibu, na kwamba asipotaka si lazima afanye, hakuna atakayemlaumu. Alisoma yote tena, akatuma kabla woga haujamrudia.

Jibu lilichukua muda mrefu. Jua lilikuwa limehama meza mbili lilipofika, na lilikuwa la mstari mmoja. Naelijwa alilisoma kimya, kisha akalisoma kwa sauti.

"Anauliza, ndizi aina gani?"

Mama Eliakunda alikuwa amebaki na moja iliyokosa nafasi ndani ya mfuko. Alikuwa ameshaimenya. Akaikata katikati, akampa Naelijwa nusu.

"Mwambie yoyote," akasema. "Mradi imeiva."